Kamati ya Mazingira na Mfuko Mmoja wa Taka

Kijiwe chetu kipo pale uchochoro wa La Cuestecita, unaoshuka kwa ngazi kutoka barabarani, unapokata kona kabla ya kuporomoka kwenye korongo. Kina benchi lililokuwa kiti cha nyuma cha basi, meza ya dhumna yenye miguu mitatu na tofali, na bati la kutukinga jua ambalo mvua ikija linasahau kazi yake. Ng'ambo ya uchochoro kuna duka la Wilmo. Chini yetu, nyumba ya mwisho kabisa, mgongo wake ukiwa umeegemea korongo, anakaa Doña Ercilia, doña kwa maana ya mama wa heshima. Kila asubuhi hupanda na birika lake na vikombe vidogo akatunywesha kahawa tamu kama uongo wetu. Halipwi. Anasema anatupa kahawa kwa kuwa tunalinda mtaa. Hatujawahi kumuuliza tunaulinda na nini, maana maji ya korongo yakifura huingia kwake mpaka uvunguni mwa kitanda, na sisi walinzi ndio huwa wa kwanza kukimbilia juu.

Jumamosi hiyo, mwishoni mwa Mei, kamati ilikuwa imekamilika. Tresgolpe, ambaye padri alimbatiza Eligio, anaitwa hivyo kwa ajili ya kile kifungua kinywa cha ndizi za kuponda, salami, jibini na mayai, anachokula ili apate nguvu ya kusubiri kifungua kinywa. Inginia, jina lake Guarionex, hajasomea uinjinia. Aliwahi kumfungia mama mkwe wake betri za umeme, likaungua pazia moja tu. Redio ni Leocadio, anayelala na redio sikioni na kuamka na habari ambazo hata redio haizijui. Na mimi, Sharubu, niliyewahi kuwa mchungaji wa tatu kwenye igizo la Krismasi la parokia, na tangu hapo nikishika fimbo yoyote ninasikia makofi.

Tulikuwa tumefagia tangu alfajiri. Wanaume wazima, mifagio mikononi. Wake zetu walitoka milangoni kutazama, na mke wa Redio alipiga picha akawatumia ndugu zake New York, wakamjibu kuuliza nani amefariki. Uchochoro ulikuwa unang'aa mpaka mbwa waliona haya kulala.

Yote hayo ni kwa sababu ya Licenciada Beltré wa halmashauri, licenciada ikiwa ni heshima ya mwanamke mwenye shahada. Wiki iliyopita alisimama hapo hapo kwenye kona akatuambia kwamba katapila la kuzibua makorongo ni moja, msimu wa vimbunga unagonga mlango, na wanaoliomba ni wawili: sisi na kile kichochoro cha nyuma ya kanisa. Atalipeleka kwa watu wanaoelewa mazingira ni nini. "Nimechoka kuzibua leo na kukuta pameziba mwezi ujao," alisema. Atarudi Jumamosi kuisikiliza kamati yetu. Tresgolpe aliuliza kamati gani. Doña Ercilia akatunyooshea kidole mmoja mmoja, kama anayechagua kuku.

Sasa Jumamosi ndiyo hiyo, na doña ndiye huyo anapanda na birika.

Doña Ercilia: Nisikilizeni kabla sijamimina. Juzi imenyesha manyunyu tu, na panya kaogelea chini ya kitanda changu kwa raha zake, chali. Katapila lisipokuja kabla ya vimbunga, nahamia Higüey kwa binti yangu. Nafunga nyumba.

Tresgolpe: Na kahawa, doña?

Doña Ercilia: Kahawa inakwenda ninapokwenda mimi.

Tukaelewa uzito wa suala la mazingira papo hapo.

Mimi: Haya, kamati, mazoezi. Mimi ndiye Licenciada. Naingia kutokea kushoto.

Nikaenda kushoto, nikarudi nikitembea kwa viatu virefu ambavyo sikuvaa.

Mimi: Habari za asubuhi, wananchi. Nyayo za kaboni ni nini?

Tresgolpe: Licenciada hana sharubu.

Mimi: Jibu swali.

Tresgolpe: Nyayo za kaboni ni zile alama anazoacha mchoma mkaa akiingia sebuleni kwa watu.

Inginia: We mtu utatukosesha katapila! Ni moshi wote unaoingia hewani kwa sababu wewe unaishi. Gesi ya kupikia, basi ulilopanda, umeme, hata salami unayokula imetoa moshi wake huko kiwandani na njiani. Moshi huo unalifunika anga kama blanketi, dunia inatoka jasho. Ukijumlisha wa kwako wote, hizo ndizo nyayo zako.

Tresgolpe: Basi mimi ni malaika. Tangu Jumatatu sijaondoka kwenye benchi hili. Nyayo nitaziacha wapi?

Redio: Wewe una makalio ya kaboni.

Inginia alikuwa amepatia, na kupatia humlevya. Akasema mgeni hawezi kuikuta kamati haina barafu, akatoa simu akampigia Wilmo. Wilmo yuko ng'ambo ya uchochoro. Anatuona. Tunamwona. Tulisikia simu yake ikilia, tukamtazama akiipokea, na sauti yake tukaisikia mara mbili, moja ya hewani na moja ya mtandaoni.

Inginia: Wilmo, tuletee barafu, na zile sahani nyeupe za kutupa, na vikombe vya plastiki.

Wilmo: Mko wapi?

Inginia: Usinizingue, Wilmo.

Ikawashwa pikipiki. Shemeji yake Wilmo akaipanda, akavuka uchochoro, akatupigia honi kutujulisha kwamba amefika, akatukabidhi barafu ndani ya mfuko uliokuwa ndani ya mfuko. Kisha akageuza pikipiki kwa shida, maana njia ni nyembamba, akarudi kwao.

Mimi: Inginia, hiyo barafu ina nyayo?

Redio: Ina nyayo, ina matairi, ina honi.

Inginia: Huo ni ukarimu. Ukarimu hauhesabiwi. Hata Ulaya hawauhesabu.

Doña Ercilia: Vikombe si hivi hapa ninavyoviosha kila siku? Vya plastiki vya nini?

Inginia: Doña, mtu wa serikali hanywi kikombe kilichonywewa na Tresgolpe.

Alipotaka kuendelea, umeme ukakatika. Muziki kwa Wilmo ukafia katikati ya neno "moyo". Friji likashusha pumzi. Redio akasimama, kidole juu, uso wa mtu aliyeletewa ushahidi.

Redio: Nishati jadidifu!

Mimi: Imefanyaje?

Redio: Nishati jadidifu ni ile isiyokwisha. Inakwenda, inarudi. Jua linazama, linarudi. Upepo unatulia, unarudi. Sasa nitajieni kitu chochote katika nchi hii kinachokwenda na kurudi kuliko umeme wa La Cuestecita.

Inginia: Redio, huo umeme unatoka kwenye mtambo unaochoma mafuta!

Redio: Unatoka, ndiyo. Lakini je, haurudi?

Na kabla Inginia hajajibu, umeme ukarudi. Uchochoro mzima, toka juu hadi korongoni, ukapiga ile kelele yetu: "Umerudiiii!" Sisi pia tulisimama tukapiga. Hata Doña Ercilia, birika mkononi.

Redio: Umejadidika.

Ukimshinda Redio kwa hoja, anakushinda kwa bahati. Nikaona tumvushe.

Mimi: Swali linalofuata. Vitu vinavyooza na visivyooza.

Inginia: Vyote vinaoza, tofauti ni subira. Ganda la ndizi, wiki chache, wadudu wamelila limekuwa udongo. Gazeti, miezi kadhaa. Chupa ya plastiki, watakuja wajukuu wa wajukuu wako waikute inawasubiri. Hizi sahani nyeupe nazo hivyo hivyo. Mimi na wewe tutakuwa tumeoza zamani.

Tresgolpe: Kwa hiyo mimi ni rafiki wa mazingira kuliko chupa.

Inginia: Kwa namna fulani.

Tresgolpe: Nataka uliseme hilo mbele ya mke wangu.

Redio: Nimesikia wamepata minyoo wanaokula plastiki. Tunaagiza debe moja, tunamwaga korongoni. Wiki ya kwanza wamemaliza chupa. Wiki ya pili sahani. Wiki ya tatu...

Mimi: Wiki ya tatu wanapanda ngazi wanakuja kwenye ndala zetu.

Redio: Ndala, viti vya Wilmo, halafu meno ya mama mkwe wa Inginia.

Inginia: Hao waje.

Tresgolpe: Mimi nina njia bora zaidi. Tatizo la korongo ni kwamba liko chini. Kila kitu kinateremka. Halmashauri ituletee udongo, tulijaze, liwe juu kuliko nyumba. Maji yakitaka kuingia kwa doña itabidi yajiulize.

Inginia: Na maji yaende wapi?

Tresgolpe: Hilo ni swali la mainjinia.

Doña Ercilia: Mama Maria nihurumie. Higüey wana maji ya bomba na watu wenye akili.

Alimimina duru ya pili bila kututazama. Nikaona uso wake, nikajua mzaha umezidi kipimo. Mwanamke huyu mwaka jana alitoa godoro nje likakauka siku nzima, jioni ikanyesha tena. Cherehani yake aliyowasomeshea watoto aliipandisha juu ya kabati, na mpaka leo haijashuka. Nikavuta kiti.

Mimi: Jamani, tuwe wakweli kidogo. Neno gumu kuliko yote ni uchumi wa mzunguko. Nani analijua?

Inginia akakohoa. Redio akatazama angani kama anatafuta stesheni. Aliyejibu, na hakuna aliyetarajia, alikuwa Tresgolpe.

Tresgolpe: Juzi nilikwenda kwa doña kuazima chumvi. Nikafungua friji.

Doña Ercilia: Chumvi kwenye friji?

Tresgolpe: Nilikuwa napita. Nikaona kopo kubwa la aiskrimu. Moyo ukaruka. Nikafungua: maharage. Nikaona la pili. Nikajipa moyo. Nikafungua: mchuzi wa kuku. Juu ya kabati lipo bati la biskuti. Nikalifungua: nyuzi na vifungo. Kopo la siagi: ndani sabuni. Doña, nilitoka mle nimevunjika moyo kabisa. Lakini hakuna kitu kilichotupwa mle ndani. Kila kitu kinapewa kazi ya pili. Si ndiyo mzunguko?

Tukatazamana. Inginia akavua kofia.

Inginia: Ndiyo yenyewe. Tresgolpe, ndiyo yenyewe! Kitu kikimaliza kazi hakiwi taka, kinarudi kazini. Shati la kaka kwa mdogo wake, la mdogo wake liwe kitambaa cha kudekia.

Redio: Nguo zangu zote nilizipata zikiwa kwenye hatua ya kudekia.

Hapo ndipo Licenciada Beltré alipotokea juu ya ngazi. Mwanamke mfupi, mwavuli wa jua mkononi, viatu vya kutembelea kweli, si vile nilivyoviigiza. Tulisimama wote pamoja, benchi likapinduka.

Akasalimia, akakaribishwa, akakabidhiwa kahawa kwenye kikombe kipya cha plastiki ndani ya sahani nyeupe, na barafu pembeni ambayo hakuna aliyejua ni ya nini. Akatazama juu, akatazama chini, akatazama ukutani.

Licenciada: Mtaa msafi huu. Nakiri, sikutegemea.

Tresgolpe: Ndivyo tulivyo, licenciada. Ni maumbile.

Nikawapanga, nikawaashiria kwa fimbo ya ufagio. Na sijui ni Mungu au ni kahawa, kamati iling'ara. Inginia alitoa nyayo za kaboni mpaka blanketi la anga, na kwa heshima akaficha mfuko wa barafu nyuma ya mgongo, ukawa unamdondokea kwenye suruali. Redio alisema nishati jadidifu ni jua, upepo na maji yaendayo, akaiacha ile ya kwake, ingawa niliona ilivyomuuma. Mimi nilieleza maana ya kuishi kiendelevu: kutumia leo kwa namna ambayo watoto wetu nao watakuta kitu cha kutumia. Nilitulia kidogo baada ya neno "watoto", kama nilivyofundishwa parokiani. Tresgolpe akamaliza na friji la Doña Ercilia, kopo kwa kopo, na Licenciada akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

Licenciada: Kwa mama yangu, Baní, ni hivyo hivyo. Nimefungua aiskrimu nikakuta njegere maisha yangu yote. Sasa ninyi mnajua, watu wengi wanadhani maneno haya ni ya wazungu. Ni mambo ambayo bibi zetu walikuwa wanafanya, ila hawakuyapa majina.

Doña Ercilia: Tuliyaita umaskini, mwanangu.

Licenciada: Ndiyo, doña. Na sasa yana semina.

Akamuuliza doña maji hufika wapi. Doña akaonyesha kwa kiganja, pale juu ya goti. Licenciada akatoa simu kwenye mkoba, akasema anampigia msimamizi wa katapila, aanze na sisi Jumatatu. Nilimwona Doña Ercilia akishika mpini wa birika kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Nadhani alikuwa anamwambia binti yake wa Higüey kwamba haji.

Simu ilikuwa sikioni, inaita. Ndipo akashuka mwanamke mmoja kutoka chumba cha juu ya duka la Wilmo. Alikuwa na nguo nyeupe za wauguzi, nywele ameziviringisha kwa rola, na mkononi mfuko mweusi umefungwa fundo zuri kabisa. Jana yake tu tulimwona akihamia. Wilmo alisema anaitwa Yaniris, anatoka Azua, anafanya kazi zamu za usiku hospitalini.

Yaniris: Samahanini kwa kuwakatiza. Mimi ni mgeni. Eti hapa taka mnatupa wapi?

Tresgolpe: Taka... za namna gani?

Yaniris: Taka tu. Maganda ya ndizi, chupa, vitu vya kuhamia.

Inginia: Swali zuri. Lazima kwanza tutofautishe kati ya kinachooza na...

Yaniris: Sawa. Kinachooza mnatupa wapi?

Inginia: Inategemea.

Yaniris: Na kisichooza?

Redio: Kuna utaratibu.

Yaniris: Upi?

Redio: Unaandaliwa.

Wote wakanigeukia mimi, mkurugenzi wa maigizo. Nikasema, "Karibu kahawa, binti," nikalishika birika. Lilikuwa tupu. Licenciada alikuwa ameshusha simu kutoka sikioni. Sauti ya mtu ilikuwa inasema haloo, haloo, ndani ya kiganja chake. Naye alikuwa anasubiri jibu.

Doña Ercilia ndiye aliyejibu. Hakupandisha sauti hata kidogo.

Doña Ercilia: Hapa, mwanangu, taka hutupwa nyumbani kwangu.

Yaniris: Ahsante, mama. Ni nyumba ipi?

Maskini, aliuliza kwa nia njema.

Doña Ercilia: Ile ya chini kabisa. Lakini usijisumbue kufika. Unarusha tu korongoni kutoka hapa juu, kama hawa mabwana. Maji yananiletea mwenyewe.

Licenciada akaizima simu. Akamwomba doña ampeleke. Wakateremka wawili, mwavuli mbele, na sisi tukabaki tumesimama kama picha ya msibani. Hakuna aliyehitaji kuteremka. Tulikuwa tunajua watakachokiona nyuma ya ile nyumba: taka zote tulizofagia alfajiri. Majani, chupa, mifuko, lile godoro la mtoto la kwa Redio lililokaa uchochoroni tangu Pasaka, lile tairi tulilosaidiana kulibeba wanne huku tukiimba. Tuliusafisha mtaa kwa ajili ya kuomba korongo lizibuliwe, na taka zote za mtaa tukazisukuma ndani ya hilo hilo korongo. Na wakati tunafanya hivyo hakuna aliyeona kasoro. Ndivyo mtaa husafishwa kwetu. Inginia hata alisimamia mteremko.

Walipopanda, viatu vya Licenciada vilikuwa na tope. Hakuwa na hasira. Ningependelea hasira.

Licenciada: Wale wa nyuma ya kanisa nao walinieleza vizuri sana. Wana shairi kabisa. Nao wanatupa korongoni.

Inginia: Licenciada, lori la taka haliingii huku. Njia nyembamba.

Licenciada: Najua. Linaishia barabarani, juu ya ngazi. Kwa hiyo nawaambia hivi: katapila sijawanyima, na sijawapa. Mfuko wa huyu dada ukipata mahali pa kwenda, na wa jirani yake, na wa kwenu, nipigieni siku hiyo hiyo. Nikileta mashine leo, mtalijaza korongo kabla haijazima injini.

Akamshika Doña Ercilia bega, akamwambia neno ambalo hatukulisikia, akapanda zake.

Doña Ercilia alikusanya vikombe vyake. Vya plastiki aliviacha. Alimchukulia Yaniris ule mfuko mkononi, akatutazama wote, akaniwekea mimi kifuani.

Doña Ercilia: Na mimi nasubiri kama Licenciada. Jiko siwashi mpaka nione mifuko inapanda badala ya kushuka. Kimbunga kikifika kabla yenu, mtanikuta Higüey.

Tresgolpe: Doña, hata nusu kikombe?

Doña Ercilia: Eligio.

Alipomwita jina la ubatizo tulijua hakuna rufaa.

Basi tukapanda. Wanaume wanne na mfuko mmoja, na Yaniris nyuma yetu kwa sababu, alisema, hawezi kukosa kuona. Mimi nilikuwa na mfuko, Inginia akinielekeza jinsi ya kugawanya uzito, Redio akitangaza tulipofika, Tresgolpe akisimama kila kona kupumua na kulaani nyayo zake za kaboni ambazo sasa alikuwa nazo kwa mara ya kwanza. Watu walitoka milangoni. Mke wa Redio alipiga picha nyingine.

Juu barabarani kulikuwa na muuza madafu na panga lake. Hakuna lori. Hakuna pipa. Ukuta tu, na mbwa watatu waliotutazama kwa matumaini.

Mimi: Mzee mwenzangu, lori la taka linapita saa ngapi?

Muuza madafu: Limepita alfajiri. Nilisikia mifagio huko chini nikadhani mnakuja.

Inginia: Na linarudi lini?

Muuza madafu: Jumatano. Likiamua.

Tukautazama mfuko. Tukiuacha, mbwa wataufumua na mvua itautiririsha ngazini mpaka tunapopajua. Tukishuka nao, Doña Ercilia amesimama kwenye kona, mkono kiunoni; tulikuwa tunamwona vizuri toka pale. Upande wa bahari wingu lilikuwa limeanza kutanda.

Inginia: Tuweke zamu.

Redio: Nani anaanza?

Inginia: Mtu asiye na nyayo.

Tresgolpe: Ninazo sasa. Mmeniona wote nikipanda.

Yaniris: Mimi naingia kazini usiku, nitapita hapa hapa. Nitawaletea maji. Lakini chumbani kwangu kuna mifuko mingine miwili. Nayo niilete?

Tresgolpe akaketi ukingoni mwa barabara, akauvuta ule mfuko akaupakata mbwa wasiufikie. Sisi wengine tukaketi kando yake, tukiwa tumesahau kuleta hata dhumna.

Kutoka chini, juu ya mapaa yote, sauti ya Doña Ercilia ikapanda mpaka kwetu.

"Mmeshautupaaaa?"

Tresgolpe akaukaza mfuko mapajani. Muuza madafu naye akageuka kusikiliza tutamjibu nini.